MFUMO WA MAHAKAMA ZETU: KUUJUA MLANGO NA KUZIJUA SIKU

Mada iliyotolewa katika semina ya haki na amani kwa viongozi wa walei

1. UTANGULIZI



Nawashukuru kwa kunipa nafasi ya kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wengi wetu hulikwepa mpaka siku linapotufika: mahakama. Neno lenyewe hututia hofu. Mtu akipokea wito wa mahakama, majirani huuliza amefanya kosa gani, kana kwamba mahakama ni mahali pa wahalifu tu. Kumbe mahakama imewekwa pia kwa ajili ya mjane anayenyang'anywa shamba, kwa ajili ya kibarua aliyenyimwa ujira wake, na kwa ajili ya mtoto ambaye baba yake amekataa kumtunza.

Wapo watu wanaoshindwa mahakamani kwa sababu hawana haki. Hao tusiwasikitikie sana. Lakini wapo wengine wenye haki kamili ambao hushindwa kwa sababu walibisha hodi katika mlango usio wao, au walifika kwenye mlango ulio wao siku zikiwa zimekwisha. Hao ndio walionifanya nikubali kuja hapa leo. Hatujakusanyika ili tuwe mawakili. Tumekusanyika ili kila kiongozi wa jumuiya aweze kumwambia jirani yake mambo mawili: mlango wako ni ule pale, na siku zako ni hizi.

Nitazungumzia mfumo wa Tanzania Bara. Zanzibar ina Mahakama Kuu yake na mahakama zake za chini, zikiwemo Mahakama za Kadhi. Mahakama ya Rufani ndiyo inayohudumia pande zote mbili za Muungano, ijapokuwa mashauri yaliyoanzia katika Mahakama za Kadhi hayafiki huko.

2. TULIKOTOKA

Mahakama Kuu ya Tanganyika ilianzishwa kwa amri ya mwaka 1920, chini ya utawala wa Waingereza. Lakini Mwafrika wa kawaida hakufika huko. Shauri lake lilisikilizwa katika mahakama za wenyeji, ambamo aliyehukumu alikuwa ndiye mtawala: chifu au liwali yule yule aliyekusanya kodi na kutoa amri. Mtu aliyeonewa na mtawala wake alipaswa kumlalamikia mtawala huyo huyo.

Baada ya Uhuru, Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963 iliziunganisha mahakama zote katika mfumo mmoja, toka Mahakama ya Mwanzo hadi Mahakama Kuu. Sheria inayotumika sasa ni ile iliyotungwa mwaka 1984, pamoja na marekebisho yake mengi. Rufani za mwisho zilikuwa zikisikilizwa na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 tulilazimika kuwa na mahakama yetu wenyewe, na Mahakama ya Rufani ya Tanzania ikaanzishwa mwaka 1979.

Nimetaja historia hii kwa sababu moja. Kumtenganisha anayehukumu na anayetawala si jambo lililokuwepo siku zote. Lilipatikana kwa juhudi, na linaweza kupotea kwa uzembe wetu. Katiba yetu, katika ibara ya 107A iliyoingizwa mwaka 2000, inasema kwamba mamlaka yenye kauli ya mwisho katika utoaji wa haki ni Mahakama. Ibara hiyo inaitaka Mahakama itende haki kwa wote bila kujali hali ya mtu kijamii au kiuchumi, isicheleweshe haki bila sababu ya msingi, itoe fidia ipasayo kwa walioathirika, ikuze usuluhishi, na isifungwe kupita kiasi na masharti ya kiufundi yanayoweza kukwamisha haki. Ibara ya 107B inaeleza kwamba Mahakama itakuwa huru.

Hivyo Mkuu wa Wilaya anaweza kupatanisha watu na kutuliza ugomvi, lakini hana mamlaka ya kuamua shamba ni la nani. Vivyo hivyo diwani, mwenyekiti wa kijiji, na hata paroko.

3. NGAZI ZA MAHAKAMA

(a) Mahakama ya Mwanzo

Hii ndiyo mahakama iliyo karibu zaidi na wananchi. Lugha yake tangu zamani ni Kiswahili. Ni mwaka 2021 tu ambapo sheria ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zote, isipokuwa pale ambapo haki inahitaji Kiingereza kitumike.

Mahakama ya Mwanzo husikiliza makosa madogo ya jinai, kama vile wizi mdogo na shambulio la kawaida, na kwa kawaida kifungo inachoweza kutoa hakizidi miezi 12. Husikiliza madai ya fedha na mali. Marekebisho ya mwaka 2016 yaliweka ukomo wa shilingi milioni 30 kwa mali inayohamishika, na milioni 50 kwa mali isiyohamishika. Husikiliza pia mashauri ya ndoa, na mirathi inayoongozwa na sheria za mila au sheria ya Kiislamu.

Kwa miaka mingi mawakili hawakuruhusiwa kabisa katika mahakama hii, ili tajiri asije na wakili huku maskini akisimama peke yake. Tangu mwaka 2021 wameruhusiwa kufika pale ambapo anayesikiliza shauri ni hakimu mkazi. Hata hivyo, liko jambo ambalo wengi hawalijui: katika shauri la madai, Mahakama ya Mwanzo inaweza kumruhusu ndugu, au mtu wa nyumba moja na mdaawa, asimame kwa niaba yake akiomba hivyo. Bibi mzee ambaye masikio yamemlemea anaweza kusemewa na mjukuu wake. Inatosha aombe.

(b) Mahakama ya Wilaya na Mahakama ya Hakimu Mkazi

Kila wilaya huwekewa Mahakama ya Wilaya. Mahakama ya Hakimu Mkazi hukaa aghalabu katika makao makuu ya mkoa. Mahakama hizi mbili zina mamlaka yanayokaribiana katika mashauri yanayoanzia kwao: makosa mazito zaidi ya jinai, na madai makubwa kuliko yale ya Mahakama ya Mwanzo. Tofauti yake kubwa kwetu ni hii: rufani kutoka Mahakama ya Mwanzo huenda Mahakama ya Wilaya, wala haiendi kwa Hakimu Mkazi.

Mashtaka ya mauaji nayo hupitia huku chini kwanza. Mshtakiwa huletwa mbele ya hakimu, naye hakimu hana mamlaka ya kumwachia wala kumtia hatiani. Kazi yake ni kusubiri upelelezi ukamilike na kumpeleka Mahakama Kuu. Ndiyo maana ndugu wa mshtakiwa humwona akirudishwa rumande kila mara bila shauri kusikilizwa, wakadhani hakimu amehongwa.

(c) Mahakama Kuu

Mahakama Kuu ina kanda katika sehemu mbalimbali za nchi, na divisheni za mambo maalumu kama vile ardhi, kazi, biashara, rushwa na uhujumu uchumi. Husikiliza mashauri makubwa yanayoanzia kwake, yakiwemo ya mauaji na ya kikatiba, na husikiliza rufani kutoka mahakama za chini. Ina pia uwezo wa kuita jalada la mahakama ya chini na kulikagua endapo kuna dalili ya kosa kubwa la kisheria.

(d) Mahakama ya Rufani

Hii ndiyo ya mwisho. Kwa kawaida majaji watatu huketi pamoja, nao huenda mikoani kusikiliza rufani kwa vikao. Shauri la madai lililoanzia Mahakama ya Mwanzo haliingii humu kwa urahisi: ni lazima kwanza Mahakama Kuu ithibitishe kwamba kuna hoja ya kisheria inayostahili kuamuliwa. Kwa hiyo mtu asiseme, "Nitaeleza vizuri nikifika juu." Ushahidi hutolewa chini. Mashahidi uliowaacha nyumbani siku ya kusikilizwa katika Mahakama ya Mwanzo, Mahakama ya Rufani haitawaita.

4. MABARAZA YA ARDHI

Migogoro ya ardhi ina njia yake. Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya mwaka 2002, iliyoanza kutumika mwaka 2003, iliitoa migogoro hiyo katika Mahakama za Mwanzo na za Wilaya, ikaiweka katika mabaraza.

Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe saba, na wasiopungua watatu ni wanawake. Kazi yake ni kusuluhisha. Baraza la Kata lina wajumbe wanne hadi wanane, na kati yao pia wanawake wasipungue watatu. Hapo awali Baraza la Kata liliweza kusikiliza na kuamua mgogoro wa ardhi yenye thamani isiyozidi shilingi milioni tatu. Marekebisho ya mwaka 2021 yameondoa mamlaka hayo. Sasa Baraza la Kata linasuluhisha tu; haliwezi kutamka kwamba shamba ni la fulani.

Hata hivyo hatuwezi kuliruka. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halipokei shauri la umiliki wa ardhi mpaka lithibitishiwe kwamba Baraza la Kata limejaribu kusuluhisha na limeshindwa. Na endapo Baraza la Kata linakaa bila kusuluhisha, zikipita siku 30 mwenye shauri anaruhusiwa kuendelea mbele. Kwa hiyo mtu asikubali kuzungushwa mwaka mzima kwa maneno ya "njoo wiki ijayo". Apeleke malalamiko yake kwa maandishi, abaki na nakala yenye mhuri na tarehe, kisha ahesabu siku.

Kutoka Baraza la Wilaya, rufani huenda Mahakama Kuu ndani ya siku 45, na kutoka hapo Mahakama ya Rufani. Tukumbuke pia kwamba haki ya kudai ardhi iliyovamiwa hufa baada ya miaka 12. Anayemvumilia jirani kwa sababu ya ujamaa, mwaka baada ya mwaka, anaweza kujikuta hana tena mahali pa kumshtaki.

5. MFANO: MJANE NA SHAMBA

Ili tuone jinsi mlango unavyoamua hatima ya mtu, tuchukue mfano wa mama mjane. Mume wake amefariki, akaacha nyumba, shamba la ekari nne na watoto watatu. Baada ya matanga, shemeji zake wanaanza kulima sehemu ya shamba na kumwambia kwamba mali ni ya ukoo. Mama huyu aende wapi?

Wengi wetu tungemwambia akimbilie Baraza la Kata, kwa kuwa ugomvi ni wa shamba. Atakwenda, atasikilizwa, pengine atashinda hata Baraza la Wilaya. Halafu shemeji atakata rufani, na Mahakama Kuu itauliza swali moja: shamba hili lilikuwa la marehemu, nawe mama umefungua shauri kama nani? Mali ya marehemu husemewa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Ikiwa mama hakuteuliwa, shauri lote linaweza kufutwa, ajapokuwa na ukweli wote. Atakuwa amepoteza miaka, nauli na nguvu, na itambidi aanze upya.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni mirathi. Ajiandikishie cheti cha kifo. Ukoo ukae, uandike muhtasari wa kikao wenye sahihi za waliohudhuria, ukipendekeza msimamizi. Kikao hicho ni desturi inayosaidia mahakama. Ukoo ukikataa kukaa ili kumkomoa mjane, hilo halimfungii mlango. Anaweza kwenda mwenyewe kuomba, na kuieleza mahakama kwamba ukoo umekataa. Mahakama hutoa tangazo ili mwenye pingamizi ajitokeze, kisha huteua msimamizi.

Aende mahakama ipi? Nawaomba msikilize kwa makini, kwa maana hapa mlango unachagua pia sheria. Mahakama ya Mwanzo husikiliza mirathi ya mila na ya Kiislamu. Chini ya kanuni za sheria za mila zilizotangazwa na Serikali mwaka 1963, mjane hana fungu lake katika mali ya mumewe iwapo marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake. Anatazamiwa kutunzwa na watoto wake. Lakini mirathi ya Mkristo aliyeishi maisha yasiyofuata mila huongozwa na Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, ambayo bado inatumika nchini kwetu. Chini ya sheria hiyo, mwanamume aliyekufa bila wosia akaacha mke na watoto, mjane hupata theluthi moja, na watoto hugawana theluthi mbili zilizobaki. Mirathi hiyo hupelekwa Mahakama ya Wilaya au mahakama ya juu zaidi, kufuatana na ukubwa wa mali.

Ubatizo peke yake haumalizi swali. Mahakama hutazama jinsi marehemu alivyoishi na alivyokusudia. Je, alifunga ndoa ya kanisani na kudumu nayo? Aliwahi kutamka au kuandika jinsi alivyotaka mali yake igawanywe? Mali yake aliichuma na mke wake, au aliirithi kwa ukoo? Mwenyekiti wa jumuiya anayeijua familia hiyo kwa miaka 20 anaweza kuwa shahidi mzuri katika jambo hilo. Na sehemu ya mali ambayo mama aliichuma kwa jasho lake pamoja na mumewe, asikubali kuiacha ihesabiwe yote kuwa ya marehemu.

Akishateuliwa, msimamizi si mmiliki. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni na kuwagawia warithi. Katika Mahakama ya Mwanzo anatakiwa kuwasilisha hesabu ndani ya miezi minne. Tunawafahamu wasimamizi waliokaa miaka kumi na mali ya yatima, wakidhani barua ya mahakama ni hati ya kumiliki. Mrithi yeyote anaweza kurudi mahakamani kuomba msimamizi wa namna hiyo aondolewe.

Ndipo sasa, akiwa na barua ya usimamizi mkononi, mama anaweza kuwashtaki shemeji zake juu ya shamba, akianzia kwa usuluhishi wa Kata.

6. KUHESABU SIKU

Wahenga walisema, "Chelewa chelewa utakuta mwana si wako." Mahakamani methali hii ni sheria. Asiyeridhika na uamuzi ana siku zake:

– Kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda Mahakama ya Wilaya: siku 30.
– Kutoka Mahakama ya Wilaya kwenda Mahakama Kuu, kwa shauri lililoanzia Mahakama ya Mwanzo: siku 30. Rufani hiyo hupelekwa katika Mahakama ya Wilaya ile ile iliyotoa uamuzi.
– Shauri la jinai lililoanzia Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi: taarifa ya kusudio la kukata rufani ndani ya siku 10, na hati ya rufani yenyewe ndani ya siku 45.
– Shauri la madai lililoanzia huko: siku 90.
– Kutoka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, kwa shauri lililoanzia hapo, kwenda Mahakama Kuu: siku 45.
– Kwenda Mahakama ya Rufani katika madai: taarifa ya kusudio ndani ya siku 30, kisha rufani ndani ya siku 60 tangu taarifa ilipotolewa.

Watu wengi huanguka katika mtego mmoja: husubiri nakala ya hukumu. Kwa rufani za kutoka Mahakama ya Mwanzo, sheria haidai kuambatisha nakala hiyo. Mtu aandike sababu zake na kuzipeleka. Jalada lenyewe litaitwa. Anayekaa nyumbani miezi miwili akingoja karani amwite atakuta muda umekwisha, na sababu yake haitapokewa kwa urahisi. Katika rufani nyingine nakala zinahitajika, na siku zilizotumika kuzitafuta zinaweza kutohesabiwa. Lakini ni juu yake kuonyesha kwamba aliziomba mapema na kwa maandishi.

Aliyechelewa kwa sababu ya kweli, mathalani kulazwa hospitalini, anaweza kuomba aongezewe muda. Atatakiwa kueleza kila siku aliyochelewa. Kwa hiyo atunze karatasi za hospitali, tiketi za basi na stakabadhi zote. Mfungwa naye asikate tamaa: anaweza kutoa hati yake ya rufani kwa mkuu wa gereza alimo, naye ana wajibu wa kuifikisha mahakamani.

7. MAMBO YANAYOCHANGANYWA

Kwanza, jinai na madai. Mtu aliyekopa akashindwa kulipa amevunja ahadi. Si mwizi kwa sababu hiyo tu. Deni hudaiwa mahakamani, na Polisi si wakusanyaji wa madeni. Tusiwapeleke jirani zetu mahabusu ili ndugu zao wauze mbuzi.

Pili, rufani na malalamiko. Kama hakimu ameamua vibaya, dawa ni rufani. Kama ametenda vibaya, kwa mfano kuomba rushwa au kutukana wadaawa, dawa ni malalamiko. Sheria ya Usimamizi wa Mahakama ya mwaka 2011 iliweka kamati za maadili za mkoa na za wilaya kwa ajili hiyo, chini ya uenyekiti wa Mkuu wa Mkoa na Mkuu wa Wilaya. Na kwa rushwa iko pia TAKUKURU. Kulalamika mbele ya kamati hakusimamishi siku za rufani. Wako waliokwenda kulalamika, wakashughulikiwa vizuri, lakini wakakuta rufani yao imepitwa na wakati.

Tatu, ada na rushwa. Ada halali hulipwa kwa namba ya malipo ya Serikali na hutolewa stakabadhi. Fedha inayopokelewa mkononi, nje ya jengo, bila karatasi, si ada. Dhamana nayo haiuzwi. Na mtu asiye na uwezo kabisa anaweza kuomba asamehewe ada.

Nne, ushindi na utekelezaji. Hukumu haijitekelezi yenyewe. Aliyeshinda anapaswa kurudi kuomba hukumu ikazwe. Wapo wenye hukumu nzuri zilizofungwa kwenye kitambaa sandukuni, na shamba bado linalimwa na mwingine.

8. WAJIBU WA KIONGOZI WA WALEI

Kazi yetu ya kwanza ni kusuluhisha pale usuluhishi unapofaa. Penye wazee haliharibiki neno, na Katiba yenyewe inataka usuluhishi ukuzwe. Katika ndoa, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mgogoro upelekwe kwanza mbele ya baraza la usuluhishi kabla ya kudai talaka mahakamani, isipokuwa katika hali maalumu, na inaruhusu jumuiya za dini kuwa na mabaraza yaliyotambuliwa kisheria. Baraza la namna hiyo linapaswa kuwasikiliza wote wawili na kutoa cheti likishindwa kupatanisha. Kumnyima mtu cheti ili "asivunje ndoa" ni kumfungia mlango wa sheria.

Lakini si kila jambo linasuluhishwa. Binti aliyebakwa, mtoto aliyepigwa hadi kuumizwa: hayo si mambo ya kumalizwa kwa ng'ombe wawili na chakula cha pamoja. Kiongozi anayeyasuluhisha anamlinda mkosaji, na anajiweka mwenyewe hatarini kisheria.

Kazi ya pili ni kuelekeza mapema. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, wanaotoa elimu na maelekezo bila malipo, ingawa hawaruhusiwi kusimama mahakamani kama mawakili. Kila parokia ijue wasaidizi wa karibu ni akina nani, na wanapatikana siku gani.

Kazi ya tatu ni kusindikiza. Mjane anayekwenda mahakamani peke yake, mbele ya shemeji sita, anahitaji mtu wa kuketi naye kwenye benchi. Asiyejua kusoma anahitaji wa kumsomea wito na kumwandikia tarehe. Shahidi anahitaji kutiwa moyo aseme alichokiona, wala asifundishwe la kusema. Hayo hayahitaji elimu ya sheria.

Ndugu zangu, husemwa kwamba mwenye nguvu mpishe. Ngazi hizi za mahakama zilijengwa ili mwenye nguvu asipishwe tu, bali naye aulizwe. Lakini hazitamwuliza kitu mpaka mnyonge afike mahali panapopasa, kwa siku inayopasa. Tumsaidie kufika.



MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Mahakama ya Mwanzo iliyo karibu nasi iko wapi? Je, Baraza la Kata letu hukutana siku gani?
2. Katika jumuiya yetu, je, kuna mjane au yatima ambaye mali ya marehemu bado haijafunguliwa mirathi? Nani atamtembelea wiki hii?
3. Je, ni mambo gani tumekuwa tukiyasuluhisha ambayo yalipaswa kufika mahakamani? Ni yapi tumeyapeleka Polisi ambayo yalikuwa ya kusuluhisha?
4. Kila mmoja aeleze: siku za kukata rufani kutoka Mahakama ya Mwanzo ni ngapi, na rufani hiyo hupelekwa wapi?